Bei ya Usiku kwa Nyumba Inayolala Mchana

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nikinyamaza, mama wa chumba cha nyuma atahamishwa kwa sababu yangu, au atahamishwa kwa sababu yake mwenyewe? Siku tano nililala chali nikiligeuza swali hilo, na kila nilipoligeuza nilipata upande mwingine wa kujitetea. Mtu aliyesoma ana balaa hiyo. Asiyesoma akikosea hujua amekosea. Aliyesoma huliandikia kosa utangulizi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza digrii ya uchumi na sina kazi, nikikaa Thornton Heath, kusini mwa London, kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Alikuwa amepanga nyumba nzima na kukodisha chumba cha nyuma ili kimsaidie kulipa kodi. Yeye alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya usiku, saa mbili hadi saa mbili. Mpangaji wake wa chumba cha nyuma alikuwa mama wa Bukavu, Kongo, mkubwa kwake kwa miaka michache, aliyesafisha ofisi katikati ya jiji kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri. Mimi sikulipa kodi. Kazi yangu ilikuwa barua. Kila bahasha iliyoanguka mlangoni ilikuwa yangu kuifungua, kuielewa na kuijibu, maana mimi ndiye niliyesomea nchi hii.

Nyumba yetu ililala mchana. Saa tatu asubuhi mapazia yalifungwa, simu ikachomolewa ukutani, na juu ya kengele ya mlango kulikuwa na karatasi ya kuomba watu wasibonyeze. Tuliambiana lala salama wakati watoto wa jirani wakienda shule. Mimi nilitembea kwa soksi mpaka saa kumi jioni. Kufua, kupika, kompyuta, televisheni, vyote nilivifanya usiku, wenye nyumba wakiwa kazini.

Mtu wa umeme alikuja mwezi wa saba, saa nane mchana, akaibonyeza kengele mara mbili, karatasi ikimtazama usoni. Miaka ile watu walikuwa wameruhusiwa kujichagulia kampuni ya umeme, na kampuni zikawaachia vijana wa mlangoni mitaani kama nzige. Umeme ulikuwa uleule, ukipita katika waya uleule chini ya barabara ileile. Kilichobadilika ni nembo juu ya bili. Kwa ajili ya nembo hiyo kijana huyu alikuwa amevaa tai yenye fundo kubwa kama ngumi na kubeba ubao wa kuandikia, kama daktari wa ugonjwa ambao hakuna aliyeuugua.

"Mwenye nyumba yupo?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Amelala."

Akaangalia saa yake. "Sasa hivi?"

"Anafanya kazi usiku."

"Aisee." Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeambiwa kwamba ndani kuna wanyama. "Basi wewe, mkuu, ungependa kupunguza bili yako?"

Akataja asilimia. Nikamwuliza ni asilimia ya nini. Akasema ya bili yangu. Nikamwambia hajaiona bili yangu. Akasema ya bili ya wastani. Nikamwuliza huyo mtu wa wastani anakaa nyumba namba ngapi. Nilikuwa na miezi miwili sijaongea na mtu niliyemzidi, na ninakiri nilifurahia.

Juu, mlango ukafunguliwa.

"Ni nani huyo anayetuamsha usiku wa manane?" mama mdogo alipaza sauti.

"Mtu wa stima!"

"Mwambie tunayo!"

Nilimfungia kijana mlango, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Nilijiambia kwamba nitaifanya mwenyewe kazi yake, kwa haki, kwa hesabu, bila tai. Nilikusanya vipeperushi vyote. Nilikwenda maktaba kutumia kompyuta, kwa kuwa yangu haikuwa na intaneti, na nikaingia kwenye wavuti za kulinganisha bei.

Sijawahi kuona watu wazima wakijitahidi namna ile kuficha jambo dogo namna ile. Kampuni moja ilikutoza ada ya kila siku hata kama hukuwasha taa. Nyingine haikuwa na ada, ila umeme wako wa mwanzo ulikuwa ghali na wa baadaye rahisi, kama vile wa mwanzo umetengenezwa kwa mkono. Ya tatu ilikupunguzia ukikubali wachukue pesa benki wenyewe, ikakupunguzia tena ukinunua na gesi, na sisi hatukuwa na gesi. Mpango mmoja uliitwa kwa jina la ua, mwingine kwa jina la ndege, na mmoja ulikuwa na neno uhuru ndani yake. Huo ndio uliokufunga kwa mwaka mzima. Kila kipeperushi kilikuwa na picha ya familia ileile: baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote wakicheka kwa sababu ya soketi.

Wavuti iliniuliza: je, mpo nyumbani mchana? Kulikuwa na kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Hakikuwepo kisanduku cha tupo lakini tumelala. Nilikaa mbele ya swali hilo mpaka mkutubi akaja kuniambia muda wangu umekwisha.

Basi niliamua kupima. Chini ya ngazi kulikuwa na mita kuukuu yenye safu mbili za namba, moja ikihesabu umeme wa mchana na moja wa usiku, masalia ya mpangaji wa zamani. Hakuna aliyekuwa akiijali. Tulilipa bei moja kwa zote. Mimi niliijali. Kwa wiki tano, tangu mwisho wa mwezi wa saba, nilichutama chini ya ngazi asubuhi na jioni na tochi mdomoni, nikaandika, nikachora jedwali, nikalipaka rangi. Jibu lilikuwa wazi kama mchana. Usiku tulitumia sana, kwa sababu usiku nilikuwa macho mimi. Mchana hatukutumia chochote, kwa sababu watu walikuwa wamelala. Ule mpango wa bei mbili, rahisi usiku na ghali zaidi mchana, uliishinda mipango mingine yote kwa mbali.

Jumapili nikamwekea mama mdogo jedwali mbele ya chai.

"Kwani stima ya hawa ni tamu kuliko ya wale?" aliuliza.

"Ni ileile, mama mdogo."

"Sasa wanashindana nini?"

"Bei."

"Na bei si waiandike tu, kama muuza nyanya?"

Miaka mitatu chuoni, hakuna mwalimu aliyewahi kuuliza swali la maana kama hilo. Mimi nilimcheka. Nikaanza kumweleza habari za soko na chaguo la mlaji, na yeye, kwa kuwa alinipenda, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka sahihi pale nilipomwonyesha kwa kidole. Mkataba wa mwaka mmoja. Anayevunja hulipa faini. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba mtoto wa dada yake amezishinda kampuni za stima, na akina mama wawili wakaja baada ya ibada na bili zao kwenye mfuko wa plastiki. "Kijana, niangalie na yangu," walisema. Ndilo jambo pekee nililokuwa nimefaulu tangu nivue joho.

Ninachotaka kusema sasa ni cha kijinga kiasi kwamba bado kinanipandisha joto la aibu. Nilipima kiangazi.

Nilikulia mahali ambapo bili ya Januari na bili ya Julai ni mapacha. Kisha nikasoma London miaka mitatu nikikaa bweni la chuo, ambako joto lilikuwa ndani ya kodi. Lilitoka ukutani kama hewa, na tulipoona limezidi tulifungua dirisha na kuipasha moto bustani. Nilijua baridi. Sikujua kwamba kuna mtu huilipia. Mchumi kamili, mwenye cheti, hakuwahi kujiuliza joto linatoka wapi.

Ulipofika mwezi wa kumi na moja, mama mdogo na mpangaji wake wakatoa hita zao za umeme kabatini. Walifika asubuhi na mifupa iliyoganda, wakaziwasha, wakalala chini ya mapazia mpaka jioni. Saa zetu za bei rahisi zilianza saa sita na nusu usiku na kwisha saa moja na nusu asubuhi. Mama wa Bukavu aliingiza ufunguo mlangoni kila siku saa moja na nusu asubuhi. Kampuni ilikuwa ikituuzia kwa bei ya chini umeme wa nyumba isiyo na watu, ila kijana mmoja chini ya blanketi akijipongeza, na kwa bei ya juu kuliko ya jirani yeyote ikituuzia usingizi.

Bili ilikuja mwezi wa kwanza. Nilisimama nayo kwenye korido na nikaielewa kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Kisha nikaipeleka jikoni kama mtu asiyeelewa.

Mama mdogo aliisoma mara mbili. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ameamka, na mama wa Bukavu alikuwa kwenye jiko akikoroga sombe, majani ya muhogo anayoyanunua yamegandishwa kule barabara ya maduka, na ambayo kwa desturi huchemka mpaka mtu asahau aliyaweka lini.

"Ni hiyo," mama mdogo alisema, akiielekeza bili kwenye sufuria. "Dada, hayo ni majani au ni mawe? Saa tatu nzima yanachemka!"

"Sombe isipoiva inakata tumbo, mama."

"Na mimi bili inanikata wapi?"

"Maharagi yako nayo haiivi kwa kuangaliwa," mama wa Bukavu alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo. Ila kicheko cha mama mdogo kilikwisha mapema.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nikiosha kikombe. Nilikiosha kikombe kile mpaka kingeweza kutumika hospitali.

Mpangaji alipopanda kujiandaa, mama mdogo alifunga mlango wa jikoni. "Ni mtu mzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mimi sitaweza. Mwisho wa mwezi atafute kwingine, niweke mtu anayekula mkate." Akafungua pochi, akatoa kadi nyeupe, zile zinazobandikwa kwenye dirisha la duka. "Niandikie kwa Kiingereza kizuri. Chumba kinapangishwa. Usiweke mapambo."

Kazi yangu ilikuwa barua. Nikaipokea kadi.

Hapo ndipo siku zangu tano zilipoanzia. Ya kwanza nilijiambia kwamba kadi inahitaji tafakari. Ya pili nilijiambia kwamba huenda kuna kweli katika habari ya sombe, na kwamba mtu wa haki hakimbilii kujilaumu bila ushahidi. Ya tatu nilimwona mama wa Bukavu akitoka bafuni asubuhi kwenda kulala, amevaa koti lake la kazini, kofia na soksi mbilimbili.

"Hita imeharibika, mama?" nilimwuliza.

"Hapana. Miye nimeizima. Bili iko kubwa, mutoto." Alisema kwa upole, kana kwamba ni mimi ninayehitaji kutulizwa. "Hii ni fasi ya sita nakaa mu Londoni. Ya kwanza yenye iko na ufunguo yangu mwenyewe. Kama ni baridi, nitavaa. Kama ni sombe, nitaacha sombe. Jumapili napika ya mwisho, kisha basi."

Mtu yeyote mwenye moyo wa kawaida angesema pale pale, kwenye korido. Mimi nilimwambia pole, nikaenda chumbani kufikiri. Najidharau kwa mambo mengi ya miaka ile, lakini kile nilichofanya Jumapili kinakaa kiti cha mbele.

Jumapili aliweka sombe jikoni. Mimi nikaingia chini ya ngazi na tochi, saa na daftari. Nilizima kila kitu kilichoweza kuzimwa, nikakitazama kile kisahani cha mita kinavyozunguka, nikahesabu mizunguko. Nilikuwa natafuta hatia ya mwanamke yule kwa kalamu. Niliiombea iwepo. Nilimwomba Mungu, ambaye asubuhi ile ile nilikuwa nimemwimbia, aifanye sombe iwe na gharama ya kutosha.

Haikuwa nayo. Sufuria ile, kwa saa zote tatu, ilikula kiasi ambacho hita moja hukimeza wakati mtu akitafuta mto wa kulalia. Nikarudia hesabu. Nikaigawa kwa njia nyingine. Sombe ilikuwa haina kosa kwa njia zote.

Mlango mdogo wa chini ya ngazi ukafunguliwa.

"Weye mutoto, unafanya nini mu giza?"

Akatazama daftari, akatazama mita, akageuka kutazama jikoni. Hakuwa mjinga. Mjinga mle ndani alikuwa mmoja na alikuwa amechutama.

"Unahesabu sombe yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na imefika ngapi?"

"Kidogo sana."

"Ah." Akacheka, si kwa furaha. "Basi toka. Hesabu inaleta njaa. Kuya kula."

Akanipakulia sahani, sombe na ugali, akakaa upande wa pili wa meza na koti lake akinitazama nikila. Ilikuwa na mafuta ya mawese na dagaa. Ilikuwa tamu, na kila tonge lilishuka kama kokoto. Hakuniuliza tena. Nadhani alikuwa amekwisha kuelewa kwamba najua kitu, na alikuwa ananipa nafasi ya kukisema nikiwa nimeshiba. Nilisema asante, nikaosha sahani, nikapanda juu. Nilikuwa nimefikia hata kuandaa hoja kwamba mkataba una miezi saba tu iliyobaki, na kwamba majira ya joto yatakuja na takwimu zitajisawazisha. Takwimu! Mtu analala na koti mchana mweupe ili jedwali langu lisiaibike, na mimi nasubiri takwimu zijisawazishe. Yule kijana wa tai alikuwa na heshima kunizidi. Yeye alidanganya watu asiowajua, na akaondoka alipofungiwa mlango.

Usiku ule nililala kitandani na kadi nyeupe kifuani. Kulipopambazuka nilikuwa nimeacha kufikiri, na ninashuhudia kwamba kuacha kufikiri si jambo baya kama chuo kinavyodai.

Nilishuka jikoni, nikaweka chai. Saa moja na nusu ufunguo uligeuka mlangoni. Nikamwomba mama wa Bukavu asipande kwanza. Akakaa na koti lake. Tulimsubiri mama mdogo, na alipoingia, miguu ikimuuma, nikaweka mezani bili, jedwali langu la rangi na kadi tupu.

"Si sombe," nilisema. "Ni mimi. Nimechagua mpango wa bei rahisi usiku, na nyinyi mnalala mchana. Hita zenu zinalipa bei ya juu kuliko zamani. Nimejua tangu siku bili ilipokuja."

Mama mdogo alivua kiatu kimoja. "Lakini ulipima. Wiki tano ulikuwa chini ya ngazi kama panya."

"Nilipima kiangazi."

"Digrii ya miaka mitatu," alisema polepole, "na hujui kuna winta?"

"Nilisahau."

"Alisahau winta!" alimwambia mama wa Bukavu, kama anayemsomea kichwa cha gazeti. "Mimi mtu wangu kule kazini ana miaka tisini na nne, amesahau watoto wake wote, lakini winta anaikumbuka!" Kisha akaiona kadi. Akaigeuza, akaona hakuna kilichoandikwa. Akamtazama mwenzake, lile koti, ile kofia. "Dada," alisema. "Nimekutukania majani yako."

"Umeyatukana sana," mama wa Bukavu alijibu. "Yenyewe imesikia." Hakusema kwamba si neno. Alisema tu kwamba amechoka, na je, anaruhusiwa kwenda kulala. Mama mdogo akaichana kadi vipande viwili, akaiweka kwenye sahani ya chai yake.

Kisha akanigeukia mimi. "Na hiyo faini ya kuvunja mkataba?"

"Yangu. Nimepata kazi ya bohari kule Hayes. Ni ya kupanga mizigo tu." Nilikuwa nimeikataa kwa wiki mbili, nikiiona iko chini ya cheti changu. "Jioni nawapigia kukubali."

"Shifti gani?"

"Usiku."

Alinitazama, akavua kiatu cha pili.

Saa tatu, wakati ambao katika nyumba ile simu haikuwahi kuwa hai, niliichomeka ukutani nikapiga kampuni ya umeme. Muziki ukaanza, na katikati ya muziki sauti ya mwanamke ikaniambia kwamba simu yangu ni muhimu kwao. Niliulaza mkono wa simu mezani, ukaendelea kujisifu peke yake. Nikapanda ngazi kwa soksi, nikabisha chumba cha nyuma. Alikuwa amekwisha kujilaza, amejifunika koti juu ya blanketi, macho wazi.

"Samahani, mama," nilisema, nikapita, nikainama, nikaiwasha hita yake mpaka mwisho, katika saa ya bei ghali kuliko zote, nikarudi chini kusubiri zamu yangu.